Barua ya wazi kwa wasimamizi wa malikale: tuiteni kabla kijiko hakijaingia

Waheshimiwa,

Shikamooni. Walio wadogo kwangu, habari za kazi.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimeshika mwiko miaka 27, Mbagala, Tuangoma, Kibada, hadi Kimbiji ambako zamani tulikuwa tunakwenda shamba. Barua hii naiandika kwa simu, usiku, kwa vidole vilivyozoea zege, hivyo herufi zikiteleza mnisamehe. Nataka kuzungumza habari za wafu. Siyo wale ninaowajua kwa majina. Nasemea waliolala pwani hii kabla ya msikiti wa kwanza na kanisa la kwanza, kabla mtu yeyote hajaandika neno hapa. Sisi mafundi tunakutana nao mara nyingi kuliko nyinyi, kwa sababu sisi ndio tunaoshinda tunachimba.

Nianze na kosa langu, isije ikaonekana nimekuja kunyooshea watu vidole. Miaka kama kumi na tano iliyopita tulikuwa tunachimba karo kwenye kiwanja kimoja kusini mwa jiji, si mbali na bahari. Futi tano chini, saidia fundi wangu akaniita. Palikuwa na chungu kimepasuka, mdomo wake umechorwa mistari ya kukatana, na pembeni yake taya. Tajiri alikuwa amesimama juu, simu sikioni. Akasema, "Hiyo ya mbuzi, endeleeni." Mbuzi hana meno kama yangu. Nililijua hilo, na saidia fundi alilijua. Akanitazama, mimi nikatazama sururu. Siku ile nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Tukaendelea. Chungu, taya na vyote vilivyokuwemo vikapanda lori la kifusi, na kifusi kile kikaenda kushindilia barabara ya mtaa. Bodaboda wanapita juu yake hadi leo.

Sikujua kwamba kuna Sheria ya Mambo ya Kale, Namba 10 ya mwaka 1964. Sikujua kwamba inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kwamba inakataza kuchimba malikale bila leseni, wala kwamba anayegundua kitu anatakiwa kutoa taarifa. Sheria hiyo imenizidi umri. Kwenye viwanja vyote nilivyojenga, hakuna mtu aliyewahi kunitamkia habari zake.

Nilikuja kuijua kwa bahati. Mwaka juzi watafiti walifika mtaa wa jirani na kwetu, Kigamboni, wakatafuta fundi wa kuwafungia turubai na kuwapigia vigingi. Kazi ya siku moja, elfu thelathini. Nilipomaliza sikuondoka. Nilikaa juu ya ndoo nikiwatazama: wamepima miraba ya mita moja kwa moja, wamevuta kamba, wameweka pima maji, mtu ana timazi. Nikajisemea, hawa mafundi wenzangu. Nikaomba kubaki. Kiongozi wao, dada wa umri wa binti yangu wa kwanza, akasema hana fungu la kunilipa, ila chai na mihogo ipo. Nikabaki siku tisa.

Wakazi tuliojitolea tulikuwa kumi na mmoja. Alikuwepo mama muuza vitumbua aliyefunga biashara saa tatu asubuhi akaja na mikono ingali ina harufu ya mafuta, vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mstaafu, wanafunzi waliomaliza kidato cha nne wakisubiri matokeo, na wengine. Mke wangu alinishangaa. "Umeacha tofali za watu unakwenda kufukua wafu bure?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa lugha yetu, mwiko ni chombo cha fundi, na mwiko ni jambo lisiloguswa. Mle shimoni nilivishika vyote viwili kwa mkono mmoja. Nilikwenda na mwiko wangu wa lipu. Yule dada akaucheka kwa adabu. "Baba, hapa hatuchoti, tunakwangua." Akanipa wake, mdogo, wa ncha, ukingo umenolewa kwa tupa mpaka unakata. Unashuka sentimita kumi, unasimama, unapiga picha, unachora, unaandika. Udongo wote unakwenda kwenye chekeche. Hakuna ndoo inayomwagwa hivi hivi. Siku ya kwanza niliona kama ugonjwa. Kwa mwendo wangu nyumba ya vyumba viwili ingeshakaribia lenta.

Siku ya nne ndipo mikono yangu ilipolipa chai yao. Nilikuwa nakwangua mraba wa pembeni, mwiko ukabadilika sauti. Mchimba misingi atanielewa: udongo uliowahi kutolewa ukarudishwa haukazi tena kama ule ambao haujaguswa, hata upite umri gani. Upande mmoja mwiko ulikuwa unakwaruza, upande wa pili unazama kidogo na kunyamaza. Nikamwita yule dada kiongozi, mwalimu (ndivyo nilivyokuwa namwita, yeye akiniita baba). Akanyunyiza maji kwa chupa, na rangi zikaachana pale pale: mchanga wa manjano, na katikati doa la kijivu lenye umbo la yai, kama chai iliyomwagika. Akapiga magoti. "Baba," akasema, "hili ni shimo la mtu."

Toka hapo mwiko tukauweka kando. Siku mbili nzima ni vijiti vya mwanzi na brashi, tumelala kifudifudi juu ya mbao ili tusimkanyage. Mchanga wa pwani yetu unakula mifupa. Huyu alibaki kwa sababu alizikwa kwenye lundo la makombe, na kombe ni chokaa, chokaa ikautuliza uchachu wa udongo. Marehemu baba yangu alichoma chokaa ya matumbawe maisha yake yote, na sikuwahi kufikiri kwamba chokaa hiyo hiyo inaweza kumtunza mtu.

Alikuwa amelala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa hadi karibu na kidevu, kama mtoto aliyepatwa na baridi alfajiri. Kichwa kusini. Hapa Dar es Salaam sisi Waislamu humlaza maiti ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini iliko kibla. Kwa hiyo tuliokuwa pale tukapima kimya kimya, tukajua huyu hakuzikwa na watu wetu, au kama ni watu wetu, basi ni kabla hatujawa hivi tulivyo. Shingoni palikuwa na vishanga vya kombe, kumi na nne, nilivihesabu mwenyewe, na karibu na mkono vipande vya jiwe jeupe vilivyopasuliwa kwa ufundi. Chuma hakikuonekana hata chembe. Nilimbana mwalimu aniambie ni miaka mingapi. Alikataa. Alisema kuna mkaa wameuchukua, utapelekwa maabara, na kwamba kaboni 14 iliyomo, ambayo hupimwa kujua umri, hupungua nusu kila miaka 5,730. Kabla maabara haijasema, yeye hana la kusema. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Fundi anayetaja bei kabla hajaona kiwanja namjua mwisho wake.

Na hapa niseme jambo moja ambalo halikuwa kwenye ratiba ya wataalamu. Kabla mfupa wa kwanza haujainuliwa, mama wa vitumbua alikataa. Akasema mtu hatolewi nyumbani kwake bila wenyeji kuambiwa. Akaitwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyezaliwa mtaa ule ule enzi ukiwa minazi mitupu. Akaitwa na ustadhi. Ustadhi alisema kweli yake: hawezi kumsomea mtu ambaye hajui alikuwa na imani gani, lakini kumsitiri mwanadamu hakuhitaji kujua jina lake. Mzee akatia ubani kwenye kigae cha chetezo, akaja hadi ukingoni, akavua kandambili. Akasema, "Hodi, mwenyewe." Tukanyamaza. Kijana mmoja wa bodaboda akanong'ona, "Mbona hatujasikia karibu? Tuondoke?" Tukacheka, na mzee naye akacheka. Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mikono tofauti. Sijui niieleze vipi kwa lugha ya ofisi.

Siku ya saba jioni walikuja vijana watatu na swali moja: "Mmeipata?" Mnaifahamu habari hii. Kila shimo linalochimbwa pwani, watu husema inatafutwa dhahabu na rupia walizofukia Wajerumani. Mtafiti mgeni angeweza kuwaeleza mpaka usiku wasimwamini, na wangerudi saa nane za usiku na sururu. Mmoja wao alikuwa mpwa wa mwalimu mstaafu. Mjomba wake akamshika mkono, akampa chekeche, akasema chekecha wewe mwenyewe. Alichekecha ndoo sita. Alitoka na makombe, mfupa wa samaki na vumbi puani. Kesho yake akarudi kujitolea. Hakuna mlinzi wa kuajiriwa angeweza kufanya hivyo.

Waheshimiwa, watu wa kawaida kushika mwiko si jambo jipya nchini kwetu. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria ambaye leo amesimama Berlin; msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilishuka hadi bandari ya Lindi kwa vichwa vya watu. Olduvai mwaka 1968, fuvu la binadamu wa kale lililopewa namba OH 24 liligunduliwa na Peter Nzube, mmoja wa wachimbaji Waafrika katika timu ya mtafiti Mary Leakey. Tofauti ni kwamba hao walikuwa vibarua wa mtu, na majina ya wengi wao hayasemwi. Sisi tunaomba tuwe wenyeji.

Yule mwalimu alituonyesha kwenye simu yake, wakati wa mihogo, kaburi moja la kale kisiwani Anglesey, huko Wales, Uingereza. Linaitwa Bryn Celli Ddu, lina umri wa miaka kama 5,000, limejengwa kwa mawe na kufunikwa kilima cha udongo, na siku ile ya mwezi Juni yenye mchana mrefu kuliko zote jua linapochomoza huingia moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Taasisi ya serikali inayosimamia malikale huko, Cadw, imekuwa ikiwaita wananchi kuja kuchimba pembeni yake pamoja na wataalamu, mzee na mtoto wa shule. Mama wa vitumbua aliuliza swali moja tu: "Na wao wanapewa chai?" Nadhani wanapewa.

Hapa kwetu vitu vya kuwaitia watu havijatupungukia. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wamechimba pwani hii miaka mingi, wakakuta vyungu vya watu waliofua chuma huku takriban miaka 2,000 iliyopita. Kunduchi kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Mlambalasi, Iringa, karibu na kaburi la Mkwawa, kuna pango ambamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada wakiongozwa na Pamela Willoughby walikuta mabaki ya watu wa zaidi ya miaka 10,000. Watoto wangu walisoma historia mpaka kidato cha nne, na walilijua jina la Mkwawa bila kujua kwamba jirani yake kuna wazee wa namna hiyo.

Sasa malalamiko yangu, na ofisi siitaji kwa sababu sikuja kugombana.

Tulipomaliza, shimo lilifukiwa vizuri, turubai chini, mchanga juu. Mifupa ilifungwa kwenye karatasi laini, ikaingia kwenye maboksi yenye namba, maboksi yakapanda gari. Tulipunga mkono. Tuliahidiwa kwamba majibu yakija tutaitwa. Majibu hayajaja kwetu. Inawezekana yamo kwenye jarida fulani, kwa Kiingereza, yanasomwa na watu ambao hawajui Kigamboni iko upande gani wa feri. Kila nikipita kijiweni naulizwa: "Fundi, yule mtu wenu ana miaka mingapi?" Mzee aliyetia ubani amefariki mwezi wa tatu mwaka huu. Naye aliuliza.

Miezi saba baadaye mtu akajenga ukuta. Hakuwa mbaya, alinunua kiwanja, akapewa mipaka, hapakuwa na kibao wala kigingi cha kumwambia lolote. Tangu daraja lifunguliwe 2016 viwanja upande wetu vinauzika kama maandazi ya moto, na jiji lenyewe sensa ya 2022 imelihesabia watu 5,383,728. Lazima walale mahali. Msingi wa ukuta ule ulikata pembe ya lile lundo la makombe. Kijana wa bodaboda aliona kwanza, akanipigia. Tukaenda ofisi moja, tukaambiwa tulete barua iliyopitia kwa mtendaji. Tukaileta. Tukaambiwa mhusika yuko semina. Tukarudi. Tukaulizwa sisi ni nani katika suala hili, tuna cheo gani, tuna uhusiano gani na eneo. Mwalimu mstaafu akajibu, "Tulimchimba." Karani akatutazama kama tumekiri mauaji. Tulipopata mtu wa kutusikiliza ukuta ulikuwa umepigwa lipu. Nzuri, lazima nikiri. Ya fundi anayejua kazi.

Lile swali la karani ndilo limenifanya niandike. Sisi ni nani katika suala hili? Naomba mtupe jibu la kumpelekea.

Sitaki mshahara. Nataka kila mtaa wa pwani uwe na watu wawili watatu waliofundishwa, wenye kitambulisho, wanaojua kutofautisha kigae cha juzi na kigae cha kale, wanaojua kusema "simameni" na kusikilizwa. Mafundi muwaweke mbele kwenye orodha hiyo, na madereva wa vijiko, na wachimba karo. Mwanafunzi wa chuo anahitaji miaka mitatu kujifunza udongo. Mchimba karo wa Mbagala udongo anaujua, hajui tu wa kumwambia. Siku moja ya mafunzo inatosha kumwanzisha. Na huyo wa kumwambia awe na namba ya simu inayopokelewa, hata Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya kumwaga zege.

Msituogopeshe pia. Fundi akisikia kwamba akitoa taarifa kazi itafungwa miezi sita na yeye asilipwe, atafanya nilichofanya mimi. Mtuambie wazi: mtaalamu atafika ndani ya siku ngapi, atapima kwa siku ngapi, na tajiri ataendelea lini. Tajiri anaweza kuvumilia wiki kama anajua ni wiki.

Uchimbaji wowote unaofanyika mtaani, wakazi waitwe kujitolea, tangu siku ya kigingi cha kwanza. Na wazee waitwe kabla mfupa haujainuliwa, ile hodi ipigwe, isingoje busara ya mama wa vitumbua. Taarifa ikikamilika, kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, karibu na yale matangazo ya chanjo. Waseme huyu aliishi lini, alikula nini, yuko wapi sasa, na kama atarudi.

Hilo la kurudi nalitilia uzito. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu yaliyochukuliwa zamani za ukoloni na jamaa walio hai hapa Tanzania. Novemba ya mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi. Nilitazama kwenye runinga ya kijiweni, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha nikakumbuka lile taya. Ningemwambia nini Mjerumani, kwamba yeye aliweka kabatini, mimi nikashindilia barabara?

Nimalizie kwa sababu kesho naamka mapema, na kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe. Jumatatu naanza msingi mpya, kiwanja cha mteremko kinachotazama bahari. Juzi nilikwenda kukipima. Kwenye kona ya chini, pale mvua ilipokata udongo, kuna tabaka jeusi la makombe lenye unene wa kiganja, na juu yake nimeokota kipande cha jiwe jeupe kimepasuliwa kama vile vya Kigamboni. Nimekirudisha pale pale nilipokitoa, nikaweka alama ya kijiti. Nimezungumza na tajiri. Si mtu mbaya, amesema atasubiri mpaka Jumatano kama kuna mtu wa kuja. Kijiko kimeshalipiwa, kitaingia Alhamisi saa mbili asubuhi.

Nimpigie nani?

Fundi ujenzi,
Kigamboni, Dar es Salaam